Nilifundishwa Kubana Tu

Nilijikojolea kwenye kicheni pati, mbele za watu, nimeshika maiki.

Naanza na hilo tulimalize. Na sio "kidogo kilinitoka" kama tunavyosemaga tukitaka kujistahi. Mkojo. Ukumbi ulikuwa Bunju, mwali kakalishwa kwenye mkeka kafunikwa khanga, na mie kungwi wake nimepiga magoti namwonyesha mume akitoka kazini anapokelewaje. Nikatoa kichekesho changu cha wanaume wanaovua soksi mlangoni zikasimama zenyewe. Wanawake wakaangua kicheko. Na mie mjinga, kichekesho nimekitunga mwenyewe, nikacheka kuwashinda wote. Hapo hapo nikasikia uvuguvugu unashuka mapajani.

Nikakaa. Chini kabisa, makalio kwenye mkeka, maiki bado iko mdomoni. Nikasema, "Jamani, somo linalofuata ni la kukaa." Wakapiga vigelegele. Watu wa Dar ukiwaambia kitu kwa maiki wanaamini.

Shoga yangu ndo alijua. Huyu tumekua wote Tandika, na kila shughuli ninayofunda yeye anauzaga juisi ya ukwaju. Akanitazama usoni mara moja tu. Akaja na jagi kama anataka kunipoza koo, akajikwaa kwenye mkeka, jagi zima likanimwagikia kuanzia kiunoni.

"Uwiii, shoga, nisamehe! Macho yangu haya!"

"Macho yako au makengeza yako? Dera langu jipya!"

Kila mtu akanionea huruma. Nikanyanyuka nanuka ukwaju, nikaenda chooni kulia.

Niliokoka hivyo, ila sio kwa wote. Kuna mmoja alinusa, na huyo mmoja hakosekanagi. Neno likasafiri toka Bunju mpaka Temeke haraka kuliko mie mwenye nauli: yule kungwi aliyeumwa kansa, siku hizi anavuja.

Sasa mie shule niliachia kidato cha pili, mie na hesabu tuliachana kwa amani, hakuna anayemdai mwenzie. Lakini kusimama mbele ya wanawake, wakanyamaza nikitaka na wakacheka nikitaka, hicho kipaji ninacho, na sina kingine. Na binti wa kaka yangu alikuwa anakaribia kuolewa. Kwetu shangazi ndo anafunda, na shangazi wa yule mtoto ni mie peke yangu. Nimemsubiri huyo toka anatambaa. Basi wifi yangu, mama wa mwali, akanipigia simu na sauti laini mpaka nikashtuka.

"Wifi, nimewaza. Umeumwa sana wewe. Si upumzike? Kuna kungwi mmoja wa Msasani, wa kisasa, anakuja na taa zake."

"Taa za nini? Anamfunda au anamfanyia opresheni?"

"Wifi, usinielewe vibaya. Watu wanaongea."

"Wanaongea nini?"

Akaniuliza kama nimeshakula, na mie nikaelewa.

"Nipe mpaka baada ya Idi," nikamwambia. "Kama sijakaa sawa, mlete huyo wa taa."

Nikakata simu, nikabadilisha pedi, nikakaa kitandani na hasira hata sijui nimwelekezee nani.

Sasa najua. Ngoja niwaambie.

Kansa yangu ilikuwa ya shingo ya kizazi, na nilichomwa mionzi. Wasiojua, siku ya mionzi unaambiwa unywe maji mengi ujaze kibofu, halafu ubane mpaka uitwe, maana kibofu kikijaa kinausogeza utumbo usiungue. Basi pale kwenye benchi tumekaa wanawake wa kila kona, wa Mkuranga, wa Lindi, wa Tabora, wote tumebana mapaja, hakuna anayethubutu kukohoa. Halafu anatoka mtu anasema, "Mashine imegoma, subirini kidogo." Subirini! Mtu ana bahari tumboni!

Mie ndo nilikuwaga mchekeshaji wa benchi. Nawaambia, "Atakayeachia wa kwanza anatununulia chapati." Wananiomba, "Dada, kwa jina la Mungu, nyamaza." Mmoja mtu mzima kabisa alinifinya ili niache. Na mie sikuwahi kuachia hata siku moja. Nilikuwa najisifu, nawaambia mie nimefundwa, nyie mmelelewa tu.

Siku ya mwisho daktari akaniambia, "Mama, umemaliza. Tutakuwa tunakuona kliniki. Na usikutane na mzee kwa muda."

"Muda gani, daktari?"

"Mpaka utakapopona." Na macho yake yashafika mlangoni, anamtafuta mwingine.

Elimu yangu yote ikaishia hapo. Mie mwali namkalisha ndani mpaka anachoka na sauti yangu, namtajia kila kiungo chake na kazi yake na usafi wake. Mie wamenichoma pale pale panapofundwa, wakanirudisha nyumbani na neno moja, muda. Hata sufuria ukinunua muuzaji anakwambia usisugue na steli waya.

Hakuna aliyeniambia kule ndani patakauka. Hakuna aliyeniambia nyama iliyoungua inaweka kovu, na kovu linasinyaa, na njia inakuwa nyembamba. Niligundua na mume wangu, siku tuliyojaribu. Sitaeleza sana, mume wangu ni mtu wa watu. Ni maumivu ya kumwagiwa pilipili kwenye kidonda. Nikapiga ukelele, yeye akaruka kama kakanyaga waya wa umeme, akasema, "Nimekuumiza." Akachukua mto wake akahamia kwenye kochi. Na kochi letu ni fupi, yeye ni Mmakonde mrefu, miguu inaning'inia nje. Hakurudi.

Nikawaambia wanawake wenzangu mtaani, nusu nusu, kwa mafumbo, kwamba kumekuwa kudogo. Unajua walifanya nini? Walinipa hongera!

"Wenzio tunahangaika na shabu!" Shabu ni lile jiwe jeupe linaloyeyushwa kwenye maji, wanajioshea ili wabane. "Wewe umerudishiwa usichana bure!"

"Hebu tuulizie na sie hiyo mashine."

"Mumeo sasa hivi hatoki ndani, eti?"

Mume wangu hatoki kwenye kochi. Nikacheka nao. Nikanyanyuka nikawazungushia na kiuno kidogo, wakanitunza. Nikiikumbuka siku ile natamani kuvunja sahani. Sio kwa sababu yao, wao walinipenda kwa walichonacho. Nina hasira kwa sababu mwili wangu ulikuwa unajifunga kama mlango uliopigwa misumari, na hamna hata mtu mmoja, msomi wala asiye msomi, aliyejua kuwa ule ni ugonjwa. Sisi tumefundwa kwamba kudogo ni kuzuri. Kuzuri kwa nani? Hilo hatukufundwa kuuliza.

Baada ya aibu ya Bunju, ni shoga yangu yule yule wa ukwaju aliyekuja na habari. Ana jirani aliyepooza upande mmoja, anapelekwaga kufanyishwa mazoezi. Na dada anayemfanyisha, akasema shoga, anawahudumia na wanawake wanaovuja.

"Mazoezi ya kuvuja? Kwani navuja vibaya, niende nikafundishwe kuvuja vizuri?"

"Vaa viatu," akasema.

Tukaenda. Na hapa ndipo nataka mnishike mkono. Chumba cha yule dada kiko kwenye uwanja wa hospitali ile ile niliyochomwa. Ng'ambo ya benchi letu. Mlango wa bluu. Nilikuwa nautazama kila siku nimebana mkojo, nikidhani ni stoo ya mafagio.

Yule dada ni mdogo, angeweza kuwa mwanangu. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akavuta pazia, akanieleza anachotaka kufanya, halafu akasema, "Nitakugusa ukiniruhusu tu. Ukisema basi, ni basi."

Toka nianze kuumwa nimelala kwenye vitanda vya kila aina nimetanua miguu, mbele ya waganga na wanafunzi na fundi mmoja aliyekuja kutengeneza feni. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniomba ruhusa. Machozi yakataka kunitoka, nikayawahi na utani. "Mwanangu, hapo ilipita mashine nzima. Kidole chako kibishe hodi ya nini?"

Hakucheka sana. Akasema, "Haya mama, bana kama unazuia mkojo."

Nikasema sasa hapa ndo kwangu. Huyu mtoto hajui nani kalala kwenye kitanda chake. Nikabana. Nikabana kikungwi, makalio yakanyanyuka, pumzi nikaikata, meno nikauma.

"Mama," akasema, "umebana mpaka nyusi."

"Ndo tunavyofundishaga."

"Sawa. Sasa achia."

"Nimeachia."

"Hujaachia."

"Nimeachia, mwanangu."

"Mama, hujaachia. Hata kabla sijakwambia ubane ulikuwa umebana."

Akanikunjia ngumi yake mbele ya macho. "Misuli yako iko hivi. Imejikunja kwa maumivu na woga toka ulipochomwa. Nikikwambia ukunje tena, utakunja nini? Imechoka. Ndio maana ukicheka au ukikohoa, inashindwa kukushikilia. Kwanza tujifunze kulegeza."

Kulegeza. Mie nimefunda wanawali mpaka sina idadi yao, sijawahi kulitamka neno hilo. Na mie nilipofundwa, shangazi yangu alinifinya mapaja akinifundisha kubana. Hakuna aliyenifinya nilegeze.

Akanifundisha. Lala, magoti juu, vuta pumzi mpaka tumbo lipande, halafu acha kule chini kushuke kama kunafunguka. Ukishajua kulegeza ndo unabana, kidogo, bila kukata pumzi, bila makalio, halafu unalegeza tena muda mrefu zaidi ya ulivyobana. Akanipa na vipaipu vya plastiki, laini, vimeviringwa nchani, cha kwanza chembamba kama kidole cha mwisho, vinavyofuata vinene kidogo kidogo. Unavipaka mafuta maalumu, unaingiza polepole, unapumua, ili makovu yasigandane.

"Hivi ungetakiwa uvianze mapema, baada ya vidonda kupona," akasema. "Bado vitakusaidia. Ila sitakudanganya mama, haitarudi yote."

"Nani alitakiwa kuniambia?"

"Wao. Au mimi, kama wangekuleta."

"Na wewe uko hapa toka lini?"

Akainamisha macho. "Toka kabla hujaanza mionzi, mama."

Nikavaa. Shoga yangu aliponiona natoka akasema, "Unaenda wapi? Geti liko huku." Nilikuwa nimeshavuka uwanja.

Daktari wangu alikuwa na wanafunzi wake, makoti meupe mapya. Nikamwamkia, maana ni mtu mzima na mie nina adabu hata nikiwa na hasira.

"Marahaba mama, karibu! Unaendeleaje?"

"Navuja."

Wanafunzi wakatazama viatu vyao.

"Navuja, na nimeziba. Vyote viwili, kama bomba la mtaani. Nauliza, kwa nini hamkunipeleka kwenye ule mlango wa bluu?"

Akaguna. Sio mtu mbaya, nataka nimtendee haki, wagonjwa wamejaa mpaka kwenye ngazi. Akasema, "Mama, sisi kwanza tulikuwa tunaokoa maisha yako. Hayo mengine... nawe hukuuliza."

Hukuuliza! Niliona rangi ambazo hazina jina.

"Niliuliza muda gani," nikasema. "Hilo moja niliuliza, na hukunijibu. Haya mengine ningeyaulizaje, daktari? Kidato cha pili mie! Nitaulizaje kitu ambacho sijui kama kipo? Nyie ndo mnajua mnachoma nini. Mkichoma nyumba ya mtu, mnamwambia ulipaswa kuuliza kama paa litabaki? Uhai mmeniokolea, asante, naushukuru kila asubuhi. Lakini uhai wenyewe naishi nao wapi? Si humu humu mlimochoma?"

Mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo, akidhani haonekani.

"Utaratibu tutauangalia," daktari akasema.

"Uangalie. Hata kwenye dirisha lako unaonekana. Ni wa bluu."

Nyumbani nikaanza mazoezi. Nikimaliza vile vipaipu naviosha na sabuni, naviachia vikauke dirishani. Mume wangu anachonga vinyago, kibanda chake kiko Mwenge, kitu kilichoviringwa hakiwezi kumpita. Akarudi siku moja, akakichukua kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole.

"Nani kakuchongea hivi?"

"Hospitali."

"Kimesuguliwa vizuri. Ila sikielewi. Mchi wa nini?"

Nikamwambia wa nini. Akakirudisha mahali pake taratibu, kama yai. Akakaa kwenye kochi lake, na mie nikakaa pembeni ya miguu yake.

"Mie nilifikiri mionzi bado imo," akasema.

"Imo wapi?"

"Humo ndani. Nilifikiri nikikukaribia nitaichochea. Au itanihamia. Walisema tukae kwa muda, nikawa nasubiri tuambiwe muda umeisha."

"Ulikuwa unasubiri nani akwambie?"

Akafikiri. "Sijui. Redio."

Nilicheka mpaka nikavuja, na nilikuwa nalia humo humo. "Mwenzio nilijua umenichoka."

"Nikuchoke wewe? Nimechoka kochi."

Yaani sie watu wawili, nyumba moja, kila mmoja anamsubiri mtu asiyekuja atamke sentensi moja. Sentensi moja tu! Ingewagharimu nini? Alirudisha mto wake kitandani siku ile. Hatukufanya lolote, na baada ya hapo mengi tuliyajaribu polepole, mengine yamewezekana na mengine bado. Lakini miguu yake haining'inii tena.

Idi ikapita. Wifi akapiga simu. "Haya, wifi, umekaa sawa?"

"Nimekaa nusu. Nusu yangu inamshinda yule wa taa."

Akaanza kuvuta maneno, nikasikia mtoto mwenyewe, mwali, anamnyang'anya simu mama yake. "Shangazi, mie nakutaka wewe. Hata ukija na ndoo."

Hata ukija na ndoo! Huyo ndo damu yangu.

Ukumbi ulikuwa Temeke, umejaa, na wale wa Bunju walikuwepo, niliwaona wamejipanga mbele kama watu wanaosubiri penalti. Nilivaa pedi, nikavaa dera jeusi, nikapumua kama nilivyofundishwa. Nikapiga magoti mbele ya mwali wangu. Nikaanza na kichekesho cha soksi. Kile kile, kwa makusudi.

Wakacheka. Na mie nikacheka. Matone yalitoka, siwafichi. Yakaishia kwenye pedi, na mie nikabaki kwenye magoti yangu.

Halafu nikasema kitu ambacho sikupanga. "Mwanangu, mie nilifundwa kubana. Hawa wote hapa wamefundwa kubana. Bana kwa ajili ya mume, bana asitoke, bana asikucheke. Inueni mikono, nani humu alifundwa kulegeza?"

Hamna mkono.

"Basi mie leo nakufunda kulegeza. Na nakufunda hivi: mwili ni wako kabla haujawa wa mtu mwingine. Ukiumia, sema unaumia. Ukiugua, Mungu apishie mbali, wakakuchoma ninapopajua mie, wakakwambia kaa kwa muda, usitoke kwenye kiti cha daktari. Waulize muda gani, na baada ya huo muda kuna nini, na nani anayetibu wanaovuja, na mlango wake una rangi gani. Mie hapa navuja. Bunju nilikojoa, na haikuwa juisi."

Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Kungwi, hapa ni shughulini, sio wodini!"

"Mwacheni aongee!" Huyo alikuwa mama mmoja mnene kwenye safu ya wale wa Bunju. "Mie hapa sijachomwa chochote, nimezaa tu, na nikipiga chafya nabadilisha nguo. Kungwi, huyo mtu wa mlango wa bluu anapokea na waliozaa?"

Ukumbi ukalipuka. Wakaanza kuuliza, kila mmoja na lake na wote kwa pamoja, wifi yangu kashika kichwa, mwali anacheka chini ya khanga mpaka khanga inatikisika. Nikamfunda mtoto wa kaka yangu mpaka mwisho. Sikukaa. Nilinyanyuka kutoka kwenye ule mkeka kwa miguu yangu, na mkeka ulikuwa mkavu.

Baadaye nikamfuata shoga yangu nyuma ya ukumbi. Alikuwa kaegemea ukuta, jagi la ukwaju kalikumbatia, limejaa mpaka juu, na mkono mwingine anaukunja na kuukunjua.

"Mkono umekufa ganzi," akasema. "Nimelishika toka ulivyopiga magoti. Watu wanataka juisi nawaambia imeisha. Halafu wewe unaenda kuwatangazia mwenyewe kwa maiki! Si ungeniambia mapema, shoga? Ukwaju wote umeshapata moto, sasa hivi nani ataunywa?"